L'Essor du Congo

L'Essor du Congo lilikuwa gazeti la kila siku la Kifaransa lililochapishwa Élisabethville (Lubumbashi tangu 1966), mji wa shaba wa jimbo la Katanga katika Kongo ya Kibelgiji. Lilianzishwa mwaka 1928 na Jean Sepulchre, likasomwa hasa na walowezi wa Kibelgiji. Kiswahili, lugha ya makambi ya wachimbaji, hakikuwa lugha ya gazeti hilo. Hata hivyo, mwaka 1945 shirika lake la uchapishaji lilitoa *Dettes de guerre*, yaani madeni ya vita, mkusanyo uliohaririwa na wakili Antoine Rubbens, kuhusu fadhila ambayo Ubelgiji ilipaswa kuwalipa Wakongo kwa jasho lao vitani. Kiongozi wa Katanga, Moïse Tshombe, alipotangaza jimbo hilo kujitenga na Kongo, tarehe 11 Julai 1960, jina la gazeti likabadilishwa: L'Essor du Katanga.