Luísa Todi na Idhini ya Kuimba Kwao

Mwaka 1793, mji wa Lisbon ulipokuwa ukisherehekea kuzaliwa kwa Maria Teresa, binti wa Mwanamfalme João, mwanamke mmoja wa miaka arobaini, ambaye watu wa Paris walikuwa wamegawanyika makundi mawili kwa ajili yake, na ambaye malkia wa Urusi alikuwa amemtunukia almasi, alihitaji idhini makhsusi ya dola ili aweze kuimba hadharani katika nchi aliyozaliwa. Mwanamke huyo ni Luísa Todi. Na amri iliyomlazimu kungoja ruhusa ilitoka katika zama za Malkia Maria wa Kwanza, mcha Mungu asiye na kiasi, ambaye enzi yake iliharimisha wanawake kupanda jukwaani mjini humo. Wanaume walivaa magauni na kuigiza wachumba na mabinti wachungaji, na Mwingereza William Beckford, aliyezuru Ureno mwaka 1787, hakuweza kujizuia kuandika kwa kejeli juu ya wanawali wale wa jukwaani wenye weusi wa ndevu mashavuni.

Msomaji wa pwani, ambaye kwake Mreno ni mizinga na ile ngome ya Mombasa, huenda akaona ajabu kusimuliwa habari za Wareno na uimbaji. Lakini Luísa Rosa de Aguiar alizaliwa tarehe 9 Januari 1753 huko Setúbal, bandari ya samaki na chumvi iliyo kusini mwa Lisbon, miaka 24 baada ya Wareno kuihama Mombasa mara ya mwisho, na wakati huo utajiri wa Ureno haukutoka tena katika Bahari ya Hindi bali katika machimbo ya dhahabu ya Brazil. Kwa dhahabu hiyo Mfalme José alimwajiri David Perez, mtunzi mashuhuri kutoka Naples, na kwa dhahabu hiyo hiyo akajenga kando ya mto Tagus jumba la opera la fahari kubwa, lililofunguliwa mwishoni mwa Machi 1755 na kusimama miezi saba tu, kwani tetemeko la tarehe 1 Novemba mwaka huo liliporomosha jumba hilo pamoja na sehemu kubwa ya jiji. Setúbal nayo ilipigwa vibaya. Luísa hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Jumba liliangamia, Perez akabaki. Baba yake Luísa, aliyekuwa mwanamuziki na mwalimu wa muziki, alihamia Lisbon na jamaa yake, na binti huyo akaanza kazi si kwa kuimba bali kwa kuigiza, pamoja na dada yake Cecília, katika ukumbi wa Bairro Alto, ambako alionekana katika Tartuffe, mchezo wa Molière unaowaumbua wanafiki wa dini. Hapo alikutana na mpiga fidla kutoka Naples, Francesco Saverio Todi, akaolewa naye mwaka 1769 akiwa na miaka kumi na sita. Mume huyo alitambua mapema kuwa mkewe alimpita mbali kwa kipaji, wala hakuona haya kuwa msaidizi wake. Na jambo hilo, katika karne ile, lilikuwa nadra kuliko sauti yenyewe. Ndipo Luísa akasoma uimbaji kwa Perez, na sauti yake ikapata umbo lake: sauti ya kike ya wastani, isiyopaa juu kama ya ndege wala kuzama chini kama ya mwanamume, bali nzito, yenye giza kidogo, na iliyofaa zaidi kueleza huzuni kuliko kuchekesha.

London haikulielewa hilo. Alipofika huko mwaka 1777 walimpa opera za mzaha, naye hakung'ara. Paris, mwaka uliofuata, ilimsikia katika tafrija za Concert Spirituel akiimba nyimbo zilizomstahili, na siku ile ndipo alipozaliwa Todi wa tarikhi. Alirudi huko mwaka 1783 na kumkuta Gertrud Elisabeth Mara, mwimbaji wa Kijerumani ambaye koo lake liliweza kukimbia juu na chini ya ngazi ya sauti kwa wepesi usiokuwa na mfano, na mashabiki wakagawanyika: huku wa Mara waliohusudu ustadi, huku wa Todi waliosema kwamba ustadi usiomtoa mtu machozi ni kazi ya fundi tu. Magazeti yalipamba ugomvi huo kana kwamba ni vita vya dola mbili. Mimi sioni kwamba upande wowote ulikosea, ila naona kuwa watu wa Todi walikuwa wakitetea jambo gumu zaidi kulithibitisha.

Kisha akaenda St Petersburg, kwa Catherine wa Pili, na hapa habari yake ni nono kuliko kwingineko. Malkia yule, aliyekiri mwenyewe kwamba masikio yake hayakujua kutofautisha muziki na makelele, alimpenda Mreno huyu kwa dhati. Katika Januari 1786 Todi aliimba sehemu ya Armida, yule mchawi mwenye mapenzi, katika opera ya Giuseppe Sarti, mkuu wa muziki wa kasri, na Catherine akamtunuku vito vya almasi vilivyotajwa Ulaya nzima. Lakini Sarti na Todi hawakupatana. Palikuwapo pia Luigi Marchesi, mmoja wa matowashi waimbaji, yaani wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjwe na baleghe, naye Sarti akamtumia kama kizuizi cha umaarufu wa Todi. Naye Todi, ambaye alijua mlango wa malkia ulipo, alibisha hodi. Sarti aliondolewa kazini. Kwa bahati yake Potemkin, mwenye amri ya kusini mwa dola, alimchukua, akampa makazi na kazi. Wenye kumwandika Todi kama malaika huuruka mkasa huu. Hauna sababu ya kurukwa, maana mwanamke asiye na ukoo wala cheo, katika kasri la ugenini, alikuwa na silaha moja, akaitumia.

Berlin ilimpokea baada ya hapo kwa heshima ya Mfalme Frederick William wa Pili wa Prussia, na Venice ikamshangilia hata msimu wa 1790 hadi 1791 ukaitwa Mwaka wa Todi. Watoto kadhaa alikuwa amewazaa, baadhi yao safarini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa aliporejea Lisbon mwaka ule wa 1793. Malkia Maria alikuwa amekwisha kupotewa na akili na mwanawe João ndiye aliyeshika mambo, na idhini ikatolewa kwa ajili ya sherehe, si kwa ajili ya wanawake. Tarehe 30 Juni, wafanyabiashara matajiri wa mji walipofungua ukumbi wa São Carlos, walioujenga kwa muda wa miezi tu, opera ya mtunzi Cimarosa iliimbwa na wanaume watupu. Katika nchi iliyokuwa na Todi, jambo hilo halikuwa dini bali upotevu wa mali.

Alipoacha jukwaa alikaa Porto, mumewe akafariki huko mwaka 1803. Tarehe 29 Machi 1809 jeshi la Wafaransa chini ya Marshal Soult liliingia mjini, watu wakakimbilia daraja la mashua juu ya mto Douro, likavunjika, na maelfu wakafa maji. Todi alinusurika, akatiwa mikononi mwa Wafaransa, lakini vito vyake vingi vilizama. Yasemekana Soult alipojua ni nani aliyetekwa aliamuru atendewe kwa heshima. Tangu 1811 aliishi Lisbon, macho yakififia hadi akawa kipofu kabisa, akafa tarehe 1 Oktoba 1833, wakati majeshi ya wafuasi wa ndugu wawili, Pedro na Miguel, yakipigana kwenye viunga vya mji huo kuwania taji. Alizikwa kwenye kanisa la Encarnação. Setúbal imeipa jina la Todi barabara yake kuu iliyo karibu na bandari, pamoja na jumba lake la maonyesho. Lisbon imempa mtaa mmoja mfupi katika Bairro Alto.