Kigae cha Kahawia

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Wengi wetu tuliisikia methali hiyo nyumbani kabla ya kujua gae ni kitu gani.

British Museum, hapa hapa London, ina vigae vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, vya kati ya mwaka 900 na 1400 hivi. Mwaka 2010 makumbusho hayo na redio ya BBC walivichagua viwe miongoni mwa vitu 100 vya kusimulia historia ya dunia. Vipo vya kijani hafifu kutoka China na vya buluu kutoka Mashariki ya Kati, vyote vinang'aa. Vipo pia vya kahawia, vikavu, vilivyofinyangwa Afrika Mashariki. Tukisema kweli, macho yetu yalikimbilia vinavyong'aa.

Hata wanahistoria walivutwa huko. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alivitegemea vyombo vya nje kukadiria umri wa tabaka za ardhi, na alikuwa na sababu, kwani muda wa kutengenezwa kwake unajulikana. Lakini yeye na wengi wa zama zake walielekea kuiona miji ya pwani kuwa kazi ya wahamiaji kutoka ng'ambo. Chungu cha kupikia hakikuulizwa sana.

Kuanzia miaka ya 1980 kikaulizwa. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachunguza pwani ya Tanzania. Vigae vya kienyeji vilikuwa vingi mno kuliko vya kigeni, na michoro ya pembetatu iliyochanjwa juu yake ilifanana na ya vijiji vya mbali na bahari. Mizizi ya miji ikaonekana kuwa ya Kiafrika, na biashara ya bahari ikawa tawi lake.

Tena ushahidi hauko kwenye michoro tu. Umo ndani ya udongo. Chungu cha kienyeji huchomwa kwa moto wa wazi, ambao kwa kawaida hauzidi nyuzi 900 za Selsiasi. Vyombo bora vya China vilichomwa kwenye tanuri kwa joto linalokaribia 1300. Kwa joto la chini, chembe za udongo hushikana bila kuyeyuka, na katikati yake hubaki vitundu vidogo sana. Watafiti hukata kipande chembamba cha kigae, hukisugua hadi unene wa milimita 0.03, kisha hukitazama kwa hadubini: mchanga gani ulichanganywa, vitundu vimelala upande gani. Ili kupima vitundu, hupima uzito wa kigae kikavu, kisha wa kigae kilicholoweshwa. Nguvu haipimwi kwa kuvunja kigae cha makumbusho. Hufinyangwa vipande vipya vya udongo wa aina hiyo, huchomwa, huwekwa juu ya nguzo mbili na kukandamizwa katikati hadi vivunjike.

Majibu yake yanafunza. Udongo laini uliochomwa sana ni mgumu, lakini ufa ukianza hupita moja kwa moja. Wenye mchanga na vitundu huvunjika kwa uzito mdogo zaidi, ila ufa unaoanzishwa na moto hukutana na vitundu na chembe za mchanga, ukapunguza mwendo. Chungu hupanda mafigani na kushuka kila siku bila kupasuka. Mtungi nao hutoa jasho kupitia vitundu hivyo, na maji yake yakapoa. Aliyepima mchanga kwa kiganja alijua alichotaka.

Vitundu hivyo pia hufyonza mafuta ya chakula, na mara nyingine huyahifadhi kwa karne nyingi. Sahani inayong'aa huoshwa ikatakata. Chungu hubaki na kumbukumbu ya mchuzi.

Sisi tuliokulia London tumeulizwa mara nyingi, na wageni na hata jamaa zetu, Waswahili hasa ni watu wa wapi. Zamani tulijibu kwa kutaja majahazi, Uarabuni na Uajemi. Hayo ni kweli, nasi hatuyakani. Ila sasa tunaanza na chungu, kisha tunafika kwenye jahazi.