Upimaji wa imani kuhusu maarifa

Upimaji wa imani kuhusu maarifa ni eneo la saikolojia ya elimu linalochunguza jinsi wanafunzi wanavyoyatazama maarifa yenyewe: kama ni ya hakika au hubadilika, kama ni habari zilizotengana au mawazo yanayohusiana, na kama hutoka kwa mwalimu na kitabu au hujengwa kwa hoja na ushahidi. Hapa neno "imani" halihusu dini. Mitazamo hiyo huitwa pia imani za kiepistemolojia.

Historia

Msingi wa utafiti huo uliwekwa na William Perry wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyewahoji wanafunzi katika miaka ya 1950 na 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 alieleza hatua tisa, kuanzia kuamini kwamba kila jambo ni sahihi au kosa hadi kuchagua msimamo wako huku ukijua kwamba ipo mingine. Maelezo yake yalitegemea hasa wanafunzi wanaume. Mwaka 1986 Mary Belenky na wenzake walitoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wanawake 135, wakaonyesha njia za kujua ambazo hazikuonekana wazi katika mpango wa Perry.

Dodoso la Schommer

Mahojiano huchukua muda mrefu. Mwaka 1990 Marlene Schommer alichapisha dodoso lenye sentensi 63 ambazo mwanafunzi huzikubali au kuzikataa kwa viwango. Alitarajia kupata imani za aina tano, lakini takwimu zilionyesha nne: kwamba maarifa ni ya hakika, kwamba ni mepesi, kwamba kujifunza hutokea haraka au hakutokei kabisa, na kwamba uwezo wa kujifunza ni wa kuzaliwa. Imani kuhusu chanzo cha maarifa haikujitokeza peke yake. Katika utafiti huo, wanafunzi walioamini kwamba kujifunza hutokea haraka walielekea kutoa hitimisho jepesi mno baada ya kusoma, na kudhani wameelewa kuliko walivyoelewa.

Mwaka 1997 Barbara Hofer na Paul Pintrich walihoji kama kasi ya kujifunza na uwezo wa kuzaliwa ni imani kuhusu maarifa, au ni imani kuhusu kujifunza na akili.

Matumizi katika jamii mbalimbali

Dodoso lililotungwa kwa kundi moja si lazima lipime jambo lilelile kwa kundi lingine. Kwok-wai Chan na Robert Elliott walilirekebisha dodoso la Schommer kwa wanafunzi wa ualimu huko Hong Kong. Katika matokeo yao ya mwaka 2004, imani kuhusu mamlaka ya wataalamu ilijitokeza, pamoja na imani kuhusu juhudi katika kujifunza.

Lugha nayo ni kikwazo. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya "maarifa", "ujuzi" na "elimu", na kila neno humwelekeza msomaji upande tofauti. Sentensi zenye ukanushi huweza kuwachanganya wanafunzi wanaosoma kwa lugha isiyo ya nyumbani. Vilevile, anayekubali kwamba mwalimu asipingwe huenda anaeleza adabu aliyofunzwa, wala si chanzo cha maarifa.

Kwa sababu hiyo watafiti huwauliza kwanza wanafunzi wachache wameielewaje kila sentensi, hutafsiri dodoso na kulirudisha katika lugha ya awali, kisha hukagua kwa takwimu kama maswali yanafanya kazi kwa namna moja katika makundi yote. Ndipo wastani wa makundi unapoweza kulinganishwa. Bila hatua hizo, tofauti ya lugha au ya malezi inaweza kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa fikra kwa mwanafunzi.