Kumrudi Mtu ili Arudi: Safari ya Magereza ya Kenya

Mgeni anayezuru Fort Jesus mjini Mombasa hulipa kiingilio, akapata mtu wa kumtembeza, akaoneshwa mizinga, kisima na michoro ambayo mabaharia Wareno waliichora ukutani. Ataambiwa kwamba ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na kwamba Waarabu wa Oman waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Linalopitiwa upesi ni kwamba kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa jela. Waingereza waliikuta imesimama, kuta zake nene kama zilivyo leo, wakafungia watu humo kwa zaidi ya miaka 60.

Hata neno gereza lina mkono wa Wareno. Wanaisimu hulihusisha na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, jina la kanisa likaenea kwenye ngome nzima, na ngome ilipogeuzwa jela, jina likabaki kwa wafungwa. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale huitwa Gereza mpaka leo. Mahali pa toba na mahali pa minyororo pakarithi jina moja.

Lakini Kiswahili kina neno jingine linalofaa kukumbukwa tunapozungumzia jela. Mzazi humrudi mwanawe: humwadhibu ili ajirekebishe. Na aliyekwenda mbali hurudi nyumbani. Kitenzi ni kile kile. Waliotuachia lugha hii hawakuona umbali kati ya adhabu na marejeo. Mtu alirudiwa ili arudi. Historia ya magereza ya Kenya naipima kwa kitenzi hicho.

Jela ya kodi na kipande

Kabla ya ukoloni, jamii nyingi za Kenya hazikuwa na desturi ya kumfungia mkosaji miaka na miaka. Aliyeiba au kuua, ukoo wake ulitoa fidia ya mifugo, wazee wakaketi, kesi ikaisha. Aliyeshindikana alifukuzwa. Uchungu wa kosa ulibebwa na ukoo mzima, na kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa na sababu ya kumchunga mtu wake.

Idara ya Magereza ilipoanzishwa mwaka 1911, waliojaa ndani yake si majambazi pekee. Wengi walikuwa watu walioshindwa kulipa kodi ya nyumba, vibarua waliotoroka mashamba ya walowezi, na baadaye wanaume waliopatikana bila kipande, ile karatasi ya utambulisho iliyotiwa kwenye kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwaka 1925 serikali ilianzisha kambi maalumu za vizuizi kwa makosa madogo ya namna hiyo. Wafungwa walichonga barabara na kuvunja mawe. Hakuna aliyeulizwa akitoka atakula nini, kwa sababu jela ilijengwa ili walio nje waogope na walio ndani wafanye kazi.

Neno zuri lilipochafuliwa

Msomaji anaweza kudhani kwamba fikra ya kurekebisha wafungwa ililetwa Kenya na wanaharakati wa siku hizi. Sivyo. Ilikuja katikati ya vita, na ilikuja vibaya.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilikamata makumi ya maelfu ya watu kwa tuhuma za kushiriki uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni na kuwatia kizuizini Manyani, Mackinnon Road, Mwea, Hola na kwingineko. Thomas Askwith, aliyekuwa akisimamia maendeleo ya jamii, alipewa jukumu la kuwarekebisha kwa masomo, ufundi na mazungumzo. Kwenye karatasi mpango huo ulipendeza. Maafisa waliufananisha mfumo wa kambi na bomba: mtu huingia akiwa "mweusi", akikiri kiapo cha Mau Mau huwa "kijivu", na akishavunjika kabisa huitwa "mweupe" na kurudishwa kijijini. Kukiri kulitafutwa kwa fimbo. Askwith alipolalamikia mateso hayo, aliondolewa kwenye jukumu hilo.

Mwisho wa bomba ulionekana Hola, kando ya Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 waliokataa kazi ya kulazimishwa walipelekwa kuchimba mitaro ya umwagiliaji chini ya mpango uliobuniwa na afisa wa magereza, John Cowan. Walipigwa mpaka watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali iliwaambia walimwengu kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofichua majeraha, Bunge la Uingereza liliwaka moto. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya serikali ya Uingereza kutangaza, Juni 2013, majuto yake na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa wakati ule.

Hola inapaswa kufundishwa katika kila chuo kinachoandaa askari jela. Kambi zile zilikuwa na walimu, karakana na ratiba, na zote zikatumikia fimbo, kwa sababu waliozisimamia hawakumwona aliye mbele yao kuwa mtu. Nia ilikuwa avunjwe. Aliyevunjwa hawezi kuitwa aliyerudiwa.

Uhuru na kuta zile zile

Sheria ya Magereza, Sura ya 90, ilianza kutumika mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Iliruhusu mfungwa mwenye mwenendo mwema kupunguziwa theluthi moja ya kifungo, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini bendera ilibadilika kuliko jela. Gwaride lilibaki, ndoo ya haja ndani ya seli ilibaki, na ujira wa mfungwa anayetoka jasho karakanani ulibaki kuhesabiwa kwa senti.

Wapinzani wa serikali waliijua jela hiyo vizuri. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alihukumiwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake "Kenya: Twendapi?" na kutumikia miaka 3. Upweke wa gereza la Kamiti ulizaa mashairi aliyoyaandika kwenye karatasi za chooni, yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o naye alizuiliwa Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 kwa karibu mwaka mzima, akaandika riwaya ya Kikuyu kwenye karatasi kama hizo. Tunajivunia vitabu hivyo, na ni haki yetu. Ila tukumbuke kwamba kwa kila mshairi aliyepata kusikika, maelfu ya wafungwa wa kawaida walikaa kimya katika mabweni yale yale, hakuna anayejua walivyotoka.

Kamiti ndiko pia alikonyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake halijulikani. Kenya huru iliendelea kutumia kitanzi hadi 1987, waliponyongwa waliohukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la 1982, akiwemo Hezekiah Ochuka. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa, lakini mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo, na watu wakazeeka wakisubiri siku isiyotajwa.

Hatua mojawapo ya kupunguza msongamano ilipitia bungeni. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 ilimruhusu hakimu kumpa mtu wa kosa lisilostahili kifungo cha zaidi ya miaka 3 adhabu ya kufanya kazi ya umma, kama kusafisha hospitali au kupanda miti, huku akilala kwake. Kifungo cha nje, kama wananchi wanavyokiita, kilimwacha baba na watoto wake na fundi na wateja wake.

Godoro la Mzee Awori

Januari 2003, baada ya chama cha KANU kushindwa uchaguzi, Moody Awori aliingia wizara iliyosimamia magereza. Baadaye mwaka huo akawa Makamu wa Rais, na wizara hiyo akabaki nayo. Wananchi walimwita Uncle Moody. Mabweni aliyoyakuta yalikuwa yamebeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi yaliyojengewa. Watu walilala sakafuni ubavu kwa ubavu. Mmoja akigeuka, mstari mzima hugeuka.

Awori alianza na vitu ambavyo mwanasiasa hapati kura kwa kuvitaja: magodoro, blanketi, sare, chakula kinacholika, mabasi ya kuwapeleka wafungwa mahakamani badala ya malori. Televisheni ziliwekwa. Sera ya milango wazi iliruhusu waandishi wa habari, viongozi wa dini na familia kuingia kuona. Siku maalumu zilipangwa ambapo mfungwa aliweza kumkumbatia mtoto wake badala ya kumtazama kupitia wavu.

Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walisema jela imekuwa hoteli, na kwamba maskini wa nje analala njaa huku mwizi akitazama mpira. Hasira ya aliyeibiwa naielewa. Lakini waliolalamikia godoro walisahau hesabu rahisi: walio wengi gerezani wana tarehe ya kutoka. Jirani yako wa mwaka kesho yumo humo leo. Akilazwa kama mnyama miaka mitano, tarehe yake ikifika, nani atampokea mnyama huyo?

Mageuzi yalipata funzo lake Aprili 2008, askari jela walipogoma wakidai marupurupu na nyumba. Wengi waliishi na familia zao katika vibanda ambavyo havikushinda seli walizozilinda. Kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka ilichunguza mgogoro huo. Mwishoni mwa mwaka huo huo picha za video zilionesha wafungwa wa Kamiti wakipigwa. Mambo hayo mawili yaliambatana. Ukimtaka askari amtendee mwingine kama mtu, naye atendewe hivyo kwanza.

Kalamu ndani ya ukuta

Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, akieleza kwamba kusubiri kitanzi kwa miaka mingi ni mateso ya akili. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifanya hivyo kwa wengine 2,747. Kati ya matukio hayo ilikuja Katiba ya 2010. Kesi ya kudai haki ya wafungwa ya kupiga kura ilipelekwa mahakamani, ikashinda, nao wakashiriki kura ya maoni iliyoipitisha Katiba hiyo. Kifungu cha 51 kinasema wazi kwamba anayezuiliwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizoweza kupatana na kufungwa kwake. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ikafuata mwaka 2014.

Gerezani nako shule zilishika kasi. Wafungwa walikalia mitihani ya kitaifa pamoja na watoto wa nchi nzima, wakafanya majaribio ya ufundi wa useremala, ushonaji na uchomeleaji. Kamiti ikatoa wafungwa waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London na kuwasaidia wenzao kuandika rufaa. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu iliyofunguliwa na wafungwa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Jaji lazima apate nafasi ya kumsikiliza aliye kizimbani: yeye ni nani, kosa lilitokeaje, anaweza kubadilika? Maswali hayo ndiyo wazee waliyouliza chini ya mti kabla ya 1911.

Langoni

Kazi iliyobaki si ndogo. Mabweni bado yamejaa, na kati ya waliomo wengi ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Ukaguzi uliochapishwa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulionesha kwamba mfumo huwakamata maskini kwa wingi na kwa makosa madogo. Aliyekosa dhamana hukaa ndani, aliyenayo huenda nyumbani.

Lakini mahali mageuzi yanapokwama zaidi ni langoni. Mtu ametumikia kifungo chake, ana cheti cha useremala mkononi. Mwajiri anamtaka alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, na humo kosa lake limeandikwa. Akienda kupanga chumba, mwenye nyumba anasikia alikotoka na chumba kinakuwa kimepata mtu. Kijijini wanaficha kuku. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sisi tunamfungia mtu kila mlango, kisha akirudia tunasema tulijua.

Kila gari linalosajiliwa Kenya hubeba nambari iliyotengenezwa na wafungwa katika kiwanda cha Kamiti. Tumeziamini kazi za mikono yao kiasi cha kuzifunga mbele na nyuma ya magari yetu. Basi Bunge litunge sheria ya kufuta rekodi ya aliyekaa miaka kadhaa bila kosa jipya, waajiri wafungue mlango, na nasi majirani tumpokee anayerudi. Serikali ikishamrudi mtu, kumrudisha nyumbani ni kazi yetu.