Moshi wa Malkia wa Sheba

Mbele ya kituo cha garimoshi cha Pankow, kaskazini mwa jiji la Berlin, kuna uwanja mdogo uitwao Garbátyplatz. Nilipomtembelea binti yangu huko nilipita hapo mara tatu kabla sijauliza jina hilo ni la nani. Mwalimu wa historia huona haya kukiri jambo kama hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa Ujerumani ya Bismarck na Ujerumani ya Majimaji. Ujerumani ya mtengeneza sigara hatukuisikia.

Josef Garbáty-Rosenthal alizaliwa mwaka 1851 huko Lida, mji ambao leo umo Belarusi na ambao wakati ule ulitawaliwa na mfalme wa Urusi. Alikuwa Myahudi. Alihamia Berlin, na yeye na mkewe Rosa walianza kwa kusokota sigara nyumbani kwa mikono yao. Mwaka 1881 alianzisha kiwanda, na mwaka 1898 akaandikisha sigara iliyompa utajiri, akaiita Malkia wa Sheba. Nilicheka niliposikia. Bibi yule aliyemwendea Mfalme Suleimani na ngamia waliosheheni manukato, ambaye Waislamu humwita Bilkisi, akaishia kuuzwa ndani ya pakiti!

Mwaka 1906 alihamia katika kiwanda kikubwa hapo Pankow. Wafanyakazi walikuwa na mahali pa kulia chakula, maktaba, na mahali pa kufulia nguo. Wakati huo matajiri wengi walidhani mshahara peke yake unatosha, tena mdogo.

Hatua chache kutoka kiwandani palikuwa na nyumba ya watoto yatima wa Kiyahudi. Ilianzishwa mwaka 1882 kwa ajili ya watoto waliokimbia mauaji ya Wayahudi katika himaya ya Urusi, ndiko kule kule alikotoka Garbáty. Jengo jipya lilipojengwa mwaka 1912 na 1913, yeye ndiye aliyetoa fedha za ukumbi wa sala. Mtu aliyefika mjini kama mgeni aliwapa watoto wa kwao mahali pa kumwomba Mungu. Katika mambo yake yote, hilo ndilo lililonishika.

Lakini fedha ile ilitokana na moshi, nami siwezi kulikwepa hilo. Nilipokuwa mwalimu mkuu katika mkoa wa Tabora, kwenye wilaya inayolima tumbaku, mfanyabiashara mmoja wa zao hilo alijitolea kutuezekea maktaba. Mwalimu mwenzetu alipinga. Alisema hatuwezi kuwafundisha watoto ubaya wa sigara huku wamekaa chini ya bati la sigara. Kaka yangu mkubwa, mvutaji tangu ujana, wakati ule alikuwa akikohoa usiku kucha, na hakuumaliza mwaka uliofuata. Nilizipokea bati zile. Masika yalikuwa yamekaribia na vitabu vilikuwa vimerundikwa sakafuni mwa ofisi yangu. Hadi leo sijajua kama nilikosea. Ni kweli kwamba mwaka 1913 watu hawakujua habari za mapafu tunazozijua sisi. Kwa hiyo Garbáty ana udhuru ambao mimi sikuwa nao.

Wanazi walipotawala, wema wake haukumkinga. Wanawe, Eugen na Moritz, walikuwa wamekwisha kurithi kazi. Mwaka 1938 familia ililazimishwa kukiuza kiwanda kwa watu wasio Wayahudi, na mwaka uliofuata Moritz alikimbilia Marekani na mkewe na mtoto wao. Mzee alibaki. Alifariki Berlin mwezi Juni 1939, akiwa na miaka 88, miezi michache tu kabla ya vita.

Nyumba ya yatima ilifungwa mwaka 1940. Watoto waliokuwa hawajapata njia ya kutoroka walihamishiwa mahali pengine mjini, na mwaka 1942 wakapelekwa mashariki kuuawa. Nusu karne nzima nimefundisha tarehe, lakini hiyo 1942 niliiandika katika daftari langu kwa shida.

Baadaye jengo lile lilikuwa na wenyeji wengine. Kwa miaka mingi lilikuwa ubalozi wa Kuba. Tangu mwaka 2001 lina maktaba ya watu wote, iliyopewa jina la Janusz Korczak, mwalimu wa yatima wa Warszawa. Ukumbi wa sala umetengenezwa upya, pamoja na dari yake ya mbao yenye vyumba vya mraba. Binti yangu alinipeleka. Niliketi chini ya dari ile kwa muda, kofia mkononi, na kutoka upande wa maktaba nilisikia watoto wakibishana juu ya kitabu, na mtu mzima akiwanyamazisha.