Kumtegemea Mungu Mipango ya Huduma Inapovunjika: Mfano wa Krapf Mombasa

Kumtegemea Mungu katika huduma ya Kikristo si kuacha kupanga. Mtume Paulo alipanga safari zake, lakini Matendo ya Mitume, sura ya 16, inaeleza jinsi alivyozuiwa kuhubiri Asia, akazuiwa tena kuingia Bithinia, akaishia Troa, na kutoka huko akavuka kwenda Makedonia. Katika Waraka kwa Warumi anataja nia ya kufika Spania. Agano Jipya halisemi kama alifika. Tegemeo la mhudumu, basi, ni Yule aliyemtuma, wala si ratiba.

Maisha ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, yanadhihirisha jambo hilo. Alianza utumishi Ethiopia, akikusudia kuwafikia Waoromo. Njia hiyo ilipofungwa, alizungukia pwani, akafika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sultani Sayyid Said wa Zanzibar. Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kichanga chao cha kike kikafariki pia. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo, aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1846 alifungua kituo cha misheni Rabai pamoja na mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann.

Azma yake kubwa ilikuwa mlolongo wa vituo vya misheni kuanzia Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Mwaka 1851 msafara aliokuwamo ulishambuliwa karibu na Mto Tana, na mwenyeji wake, Kivoi, kiongozi wa Wakamba, akauawa. Krapf alinusurika, akajikuta peke yake, akabeba maji katika mkoba wa ngozi wa darubini na ndani ya mtutu wa bunduki. Mwaka 1853 maradhi yalimlazimu kurudi Ulaya, na mlolongo ule hakuuona. Kilichodumu ni kazi ya lugha: sarufi ya Kiswahili ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Mfano huu usisomwe vibaya. Kosa la kwanza ni kuita kila anguko mapenzi ya Mungu. Kauli hiyo hufunika uzembe na kuzuia tathmini. Kosa la pili ni kuhalalisha hasara kwa matunda ya baadaye. Kamusi haikufidia kifo cha Rosine, na Zaburi za maombolezo zinathibitisha kwamba kulia mbele za Mungu ni sehemu ya imani.

Kwa hiyo, kumtegemea Mungu mipango inapovunjika kunahitaji mambo matatu: kuomboleza bila kuficha, kupima kwa uaminifu kilichokosewa, na kuitenda kazi iliyopo mkononi hata kama ile iliyokusudiwa imezuiwa. Anayeyashika hayo anaweza kubadili mpango bila kuuacha wito.