Sikio la Fundi wa Changamwe
Kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe kilianza kazi 1963, kikasimama 2013. Katikati ya miaka hiyo ndipo nilipojifunzia ufundi wa injini za dizeli, na kipimo chetu kilikuwa sikio. Lori likibadilishwa filta ya dizeli kisha likaanza kutetemeka, tulishuku hewa ndani ya mafuta kwanza: unalegeza skrubu ya kutolea hewa, unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Bado? Injini ikinguruma, unalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja moja. Mngurumo usipobadilika, silinda mbovu ni hiyo. Injini za siku hizi presha ya dizeli hupita baa 1,000. Thubutu kulegeza nati hizo, dizeli itakupenya ngozi. Vijana huchomeka kompyuta, na wafanya vyema, ila wengine huagiza nozeli mpya kabla hata ya kukaza paipu ya filta.